JUNGU KUU: “Mwanangu, umeukataa mkono wangu?”

Ukurasa huu ni wenu, wa maswali ya jikoni na mezani. Mwezi huu nimechagua barua tatu. Zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu aliyelelewa kula namna fulani atabadilikaje akitakiwa kula namna nyingine? Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imenigusa pangu.

Barua ya kwanza

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mzaliwa wa Makorora, Tanga. Sasa niko Dodoma kikazi. Kwetu tumelelewa kwa kula. Baba akirudi na samaki, kabla hajavua viatu ameshauliza leo wanapikwa vipi. Mama ni mpishi, mtaa mzima unaujua mkono wake. Mwezi wa nne nilikwenda kupima, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikasoma 9.8. Nikapewa vidonge na karatasi ya vyakula vya kuacha: wali, nazi, chapati, maandazi, vitumbua, tambi, halua. Nilivyoisoma nikaona mtu ameingia jikoni kwetu na kalamu nyekundu. Wiki tatu nikala kabichi ya kuchemsha na mayai. Wiki ya nne nikajifungia chumbani na sahani ya vitumbua, nikavila vyote saba, nikalia. Sasa mama amekuja kukaa nami miezi miwili. Yeye anapika, mimi nasogeza sahani. Juzi akaniuliza, “Mwanangu, umeukataa mkono wangu?” Sikuwa na jibu. Nifanyeje?
*Binti wa Makorora, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kipimo, na pole zaidi kwa ile sahani uliyoila mlango umefungwa. Nyumba uliyoieleza naijua hata harufu yake. Mimi nimezaliwa mwaka 1966 na kukulia Ngamiani, barabara ya 13, mtoto wa tatu wa mpishi wa shughuli.

Mama yangu alikuwa akiitwa kwenye harusi, hitima na maulidi. Usiku wa kuamkia shughuli ua wetu ulijaa wanawake na nyungo zao, mchele unachaguliwa kwa taa ya chemli, mazungumzo hayaishi mpaka alfajiri. Mama hakuonja kwa kijiko. Alichota mchuzi kwa upawa, akadondosha tone kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akalamba, akafumba macho. Kisha ananiita. Nilikuwa na miaka sita. Ananidondoshea na mimi tone kiganjani, linachoma kidogo, ananiuliza, “Nini kimepungua?” Nikisema chumvi na chumvi imetosha, ananiambia nionje tena. Siku niliyosema ndimu, na kweli ikawa ndimu, aliwageukia wenzake akasema, “Huyu ana ulimi.” Nimefundisha sayansikimu miaka 27, na kila nilichowafundisha wanafunzi wangu juu ya ladha kilianzia kwenye kiganja kile.

Nakueleza haya kwa sababu karatasi uliyopewa imefunga pamoja vitu viwili ambavyo si kimoja. Nyumba kama zetu humpa mtoto kiasi, na humpa ulimi. Kiasi ni yale mazoea ya kujaza sahani, kuongezwa kabla hujaomba, kula tena mgeni akiingia hata kama umeshakula. Ulimi ni ujuzi: kutambua kwamba samaki huyu amelala, iliki hii imeungua, tui hili limekatika. Sukari yako imepanda kwa mengi, ikiwemo damu ya ukoo, umri, kazi ya kukaa kitini kutwa, na hicho kiasi. Ulimi haukukukosea kitu. Lakini wiki tatu umeutesa kwa kabichi isiyo na hata kitunguu, na wiki ya nne ukaja kudai haki yake.

Na hicho kiasi nacho kina asili yake, sitaki umlaumu mama. Sisi wa umri wangu, na mama yako bila shaka, tunakumbuka miaka ya baada ya vita vya Kagera. Sukari, unga wa ngano, mafuta, sabuni, vyote vilikuwa vya foleni. Mama yangu alitoka nyumbani saa kumi alfajiri, akaacha jiwe limshikie nafasi wakati anaswali. Akipata kilo moja ya sukari huifunika kwa kanga njia nzima mpaka nyumbani. Vitumbua tulivila Ramadhani, na Ijumaa moja moja. Pilau ilikuwa ya shughuli. Ukisikia harufu ya pilau siku ya kazi, unauliza nani kaoa. Kisha mwaka 1984 watu wakaanza kuruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, mwaka 1985 akaja Mzee Mwinyi, tukamwita Mzee Ruksa, na maduka yakajaa. Mama aliyepanga foleni miaka ile yote, unadhani aliapa nini moyoni? Aliapa kwamba mtoto wake hatakosa tena. Vitumbua vikawa vya kila asubuhi. Pilau ikawa ya kila Jumapili, halafu ya mgeni yeyote. Mafuta yaliyokuwa yakinunuliwa kwa kipimo yakaja kwa dumu la lita 5. Chakula cha karamu kikahamia Jumatatu, na kila aliyekihamisha alifanya hivyo kwa mapenzi. Siisifu ile miaka ya shida, watoto walidhoofika na wengine tuliwazika. Nasema tu kwamba tulivyovila vitumbua vile, mara moja kwa wiki au kwa mwezi, havikuwa na tatizo lolote.

Liko jambo la karibuni ambalo limenipa moyo. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC kule Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walichapisha utafiti wao juu ya wanaume 77 wenye afya njema wa Kaskazini mwa Tanzania. Waliozoea chakula cha asili cha Kilimanjaro, chenye ndizi, mboga za majani, mikunde na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kisasa cha kukaanga na cha viwandani. Wa mjini, waliozoea hicho cha kisasa, wakahamishiwa cha asili. Wiki mbili tu. Damu ya waliohamia cha kisasa ilionyesha ule uvimbe wa ndani usioonekana kwa jicho umeongezeka, na kinga yao ikajibu kwa udhaifu zaidi. Waliorudi kwenye chakula cha asili, uvimbe ule ukapungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Hawakuwa wagonjwa wa sukari, kwa hiyo sikuahidi kwamba ndizi itakuponya. Ninachokuonyesha ni kwamba mwili hauhitaji miaka ili usikie tofauti, na kwamba chakula cha kubadilishia si lazima kitoke nje ya nyumba.

Sasa nikwambie yangu. Mwaka 2017, nikiwa na miaka 51, kipimo changu cha asubuhi kilisoma 8.3. Nikarudia, kikasoma vile vile. Kipimo kikifika 7.0 kabla ya kula na kikajirudia, hiyo ni sukari. Mama alikuwa na miaka 78. Nilimkuta amekaa kibarazani anachagua mchele, nikamweleza. Hakuinua macho. Akatoa mawe mawili matatu kwenye ungo, halafu akaniuliza:

“Daktari amekataa samaki?”

“Hapana.”

“Ndimu?”

“Hapana.”

“Pilipili? Tangawizi? Embe bichi?”

“Hapana, mama.”

“Sasa kakataa nini?”

Aliinuka akaenda jikoni. Mchana ule alinipikia chukuchuku ya tasi. Huenda miaka kumi ilikuwa imepita sijala chukuchuku, kwa sababu nyumba ikiwa na nazi na mafuta, nani anakumbuka chukuchuku? Kama umesahau nawe, ni hivi. Samaki anasafishwa na kukamuliwa ndimu, anakaa na chumvi kidogo. Maji yanachemka na kitunguu, nyanya, kipande cha tangawizi na bizari kiasi cha ncha ya kisu. Pilipili mbuzi inatiwa nzima na kikonyo chake, ielee, isipasuke, ili itoe harufu bila kuunguza mdomo. Samaki anaingia mwisho, dakika kama kumi, sufuria likitikiswa kwa masikio yake badala ya kukorogwa, asije akavunjika. Likiepuliwa ndipo linakamuliwa ndimu ya pili. Hakuna tone la mafuta, hakuna nazi. Mama akanidondoshea kiganjani. “Nini kimepungua?” Nikamwambia hakuna. Wala sikumwambia hivyo kwa kumbembeleza.

Kwa hiyo, mwanangu, karatasi ya kliniki usimwonyeshe mama kama hati ya mashtaka. Mpe ugonjwa wako kama kazi ya jikoni. Mwambie, “Mama, damu yangu ina sukari nyingi, nisaidie kupika.” Muulize bibi yako alipika nini siku zisizo na shughuli. Utaona anavyoanza kuhesabu kwa vidole: kunde, kisamvu, bamia, tembele, dagaa wa ndimu, samaki wa kuchoma na kachumbari. Hivyo havimo kwenye orodha ya kalamu nyekundu, na ni vya mkono ule ule. Mkipata nafasi, mpeleke Soko la Majengo akanunue mlenda wa unga wa Wagogo. Mpishi wa Tanga akikutana na mlenda kwa mara ya kwanza ataulizia, ataonja, atataka kujua unashikaje. Huenda mkapata na samaki perege wa bwawa la Mtera.

Wali usiufute, upime. Gawa sahani: nusu mboga, robo samaki au maharage, robo wali. Nasema sahani nikijua kwamba mmezoea sinia. Sinia ni kitu kizuri sana, lakini hujui umekula kiasi gani, na mama atakuwa anakusogezea minofu upande wako kila unapopunguza mwendo. Wala usichukue sahani yako ukajitenga, hapo ndipo anapoumia. Mwombe yeye akupakulie. Robo ile aitie kwa mkono wake, aizungushie mboga apendavyo. Mwenye kupakua ndiye mwenye meza, na ukila chote alichokupakulia hutakuwa umekataa kitu. Mama yangu alinipakulia hivyo mpaka alipofariki mwaka 2021, na pembeni ya sahani akiniwekea kipande cha ukoko kinachoenea kiganjani. Kile sikukirudisha hata siku moja.

Nazi nayo isipigwe na kila mtu. Tui halipandishi sukari kama wali unavyopandisha. Tatizo lake ni mafuta, nayo ni mazito kwa moyo, na mwenye sukari anatakiwa aulinde moyo wake. Mboga zipikwe kwa tui la pili na la tatu, lile jepesi. Kasimile, lile tui zito la kwanza, mwambie aweke kando, mboga zikikaribia kuiva atie kijiko kimoja tu juu. Harufu ya nazi iko pale juu, wala huhitaji kikombe kizima ili uisikie.

Chai ndiyo niliyoipigania zaidi, kwa sababu sukari ya chai haina hata utamu wa kukumbukwa, ni mazoea tu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula, na ingekuwa vyema zaidi ikashuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa siku, vijiko 6 vya chai. Hicho ni kiasi cha mtu mzima asiye mgonjwa. Vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu ni vijiko 9 kabla hujala chochote. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki, nikaongeza iliki, mdalasini na mchaichai. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Baada ya miezi miwili nilikwenda msibani nikapewa chai ya sukari nyingi, nikashindwa kuimaliza. Kwa chumvi jambo hili liliwahi kupimwa huko Philadelphia, Marekani, likachapishwa mwaka 1982: watu waliokula chumvi kidogo kwa miezi mitano walifika mahali wakawa wanakipenda chakula chenye chumvi kidogo, kile cha zamani kikawazidia. Ulimi unahama. Wa kwako unajua kusikiliza, kwa hiyo utahama na utajua umehama.

Vidonge usiviache. Na ukianza kupunguza wali na sukari, waambie kliniki, kwa sababu baadhi ya dawa za sukari zikikuta chakula kimepungua huishusha sukari kupita kiasi. Ukisikia kutetemeka, jasho la ghafla, kizunguzungu, njaa ya kukurupuka, kunywa haraka kitu chenye sukari kisha uende ukapime. Omba pia kile kipimo kinachoonyesha hali ya miezi mitatu. Cha asubuhi moja hakisemi yote.

Vitumbua virudishe Ijumaa. Viwili, vya moto, mama amevitoa kwenye chuma sasa hivi, mmekaa naye na chai ya iliki isiyo na sukari. Mlango uwe wazi.

Barua ya pili

Mwalimu, shikamoo. Nilisoma bweni miaka sita. Ugali na maharage mchana, ugali na maharage usiku, Jumapili wali na maharage. Wadudu tulikuwa tunawatoa pembeni ya sahani. Sasa nina miaka 29, niko Mwanza, presha imesoma 150 kwa 95 mara tatu, na daktari anasema nipunguze nyama na chumvi, nile mikunde. Nikisikia tu harufu ya maharage tumbo linageuka. Nyumbani kabla ya bweni nilikuwa nayapenda, mama alikuwa akiyaunga vizuri. Nijilazimishe?
*Mwana wa Bweni, Mwanza*

Marahaba. Usijilazimishe, mwanangu. Nimewahi kufundisha shule ya bweni, nimesimama kwenye lile bwalo. Maharage yale yalichemshwa kwa maji na chumvi, tone la mafuta likaelea juu, na mliyala kwa dakika 15 kengele ikiwasubiri. Wewe huyachukii maharage, unakichukia kile chumba. Ushahidi umeutoa mwenyewe, ya mama uliyapenda.

Yaache kwa mwaka mzima kama unataka, ukale ndugu zake. Uko Kanda ya Ziwa, choroko na dengu ziko tele sokoni na hazibebi kumbukumbu ya bweni. Choroko haina haja hata ya kulowekwa usiku kucha. Ichemshe iive, iunge na kitunguu kilichokaangwa kwa mafuta kijiko kimoja, kitunguu saumu, nyanya, bizari, umalizie na ndimu na giligilani. Ndimu itakusaidia kupunguza chumvi, kwa sababu ukali wake huziba ile nafasi ya chumvi ulimi unapoitafuta. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu na ile iliyomo ndani ya dagaa wa chumvi, soseji na viungo vya paketi. Sato wa kuchoma anakufaa pia. Siku ukisikia umekuwa tayari kwa maharage, mpigie mama simu akuelekeze alivyokuwa akiyaunga, kisha uyapike kwako, kwenye sufuria lako dogo, ule taratibu.

Na presha ya 150 kwa 95 iliyosoma mara tatu usiiachie choroko peke yake. Rudi kwa daktari tarehe uliyopangiwa.

Barua ya tatu

Salamu Mwalimu, kutoka Kisauni, Mombasa. Mimi nimelelewa kwa mahamri na mbaazi, samaki wa kupaka, wali wa nazi. Mke wangu ni wa Murang'a, kwao chakula kilikuwa cha kumshibisha mtu wa shamba: githeri, mukimo, sukuma wiki, bila viungo vingi. Tunapendana, tatizo ni watoto. Wa kwanza ana miaka 9, wa pili 4. Hawataki cha kwangu wala cha mama yao. Wanataka chipsi, viazi karai na soda. Mke wangu anasema mimi ndiye niliyewaonjesha, na ni kweli, nilikuwa narudi nazo jioni. Nimeamua kupiga marufuku kabisa. Sasa yule mkubwa anajificha kwa jirani kula. Nimekosea wapi?
*Baba wa Wawili, Kisauni*

Salamu nimezipokea, baba. Umekuja kuuliza mapema, watoto wako bado ni wa kufundishika.

Marufuku ndiyo iliyokuharibia. Watafiti wa Marekani, Jennifer Fisher na Leann Birch, walilijaribu hili na kulichapisha mwaka 1999: chakula watoto wanachokipenda kikiwekwa mbele yao kisha wakazuiwa, wao hukitaka na kukisemea zaidi ya mwanzo. Viazi karai vya Mombasa mimi navipenda, sitakwambia uvifanye haramu. Vipe siku yake. Jumamosi jioni nendeni wote wanne, mle mkiwa mmesimama pale pale na ukwaju wake, mrudi. Soda isikae nyumbani tu, basi.

Kuhusu kile wasichokitaka, ninyi wazazi mnakata tamaa mapema. Mtoto akikataa bamia mara tatu, mama anasema huyu hapendi bamia, na jina linamganda. Huyo Birch alionyesha tangu mwaka 1982 kwamba mtoto mdogo akionjeshwa kitu kigeni tena na tena huanza kukipenda, na tafiti zilizofuata zinataja kama mara 8 mpaka 15. Kuonja, sikusema kumaliza. Kipande cha ukubwa wa ukucha, bila kulazimishwa, bila kupigiwa makofi, na ninyi wenyewe mkiwa mnakila mbele yake. Watoto wanatazama mikono yetu.

Tena mlango wa ladha hufunguka mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake, nao wa Philadelphia, walichapisha jaribio la wajawazito waliokunywa maji ya karoti, wengine wakiyanywa wakati wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanzishiwa uji, walionyesha kuufurahia ule wenye karoti kuliko uji wa kawaida. Kwa hiyo wanao wameonja githeri na mbaazi zote mbili tumboni mwa mama yao, kama alikula za kwenu alipokuwa mjamzito. Chipsi ndizo zilizokuja baadaye.

Nina jambo moja la kuwapa wewe na mkeo. Hiyo githeri, sisi Tanga tuna ndugu yake, tunaiita makande. Jirani yetu wa Ngamiani alikuwa Mpare, naye makande yake aliyapika kwa nazi. Mahindi na maharage yakishaiva vizuri, anatia kitunguu, nyanya, tui jepesi, anaacha yatokote mpaka tui lishike, halafu pilipili nzima juu. Mwombe mkeo apike githeri yake kama alivyofundishwa kwao, asibadilishe chochote. Ikishaiva, wewe ndiye ukune nazi. Keti juu ya mbuzi ya kukunia, watoto wakuone baba yao anakuna. Yule wa miaka 9 mpe kifumbu akamue tui. Yule wa miaka 4 hana kazi ya mikono bado, kwa hiyo mpe kazi ya ulimi. Mchuzi ukipoa kidogo, mdondoshee tone moja kiganjani, umuulize nini kimepungua.

Akisema chumvi, ongeza chembe mbili akikuona. Akisema ndimu, mkatie nusu umpe aikamue mwenyewe. Mbegu utazitoa wewe.